Boti Kwenye Yadi ya Malori

Mume wangu aliacha barabara mwaka ule macho yake yalipoanza kuona taa mbili pale palipo na moja. Daktari alimwambia asiendeshe usiku tena, na dereva wa lori la mifugo asiyeendesha usiku ni dereva wa nini? Mbuzi wa Merti na Biliqo husafirishwa jua likishapoa, la sivyo wanafika Nairobi wamelegea, wengine wamekufa. Kwa hivyo akampa mpwa wake ufunguo, akaja kukaa nyumbani. Watu walikuja kunipa pole. Mimi niliingia chumbani nikaswali rakaa mbili za shukrani. Pole ya nini? Tangu niolewe nimelala na mto. Watoto wote nimewazaa yeye akiwa Moyale au Marsabit, au amekwama kwenye matope ya Garbatulla, na kila mmoja alimwona baba yake mara ya kwanza akiwa tayari amejua kucheka. Sasa watoto wamekwenda kwao, nyumba imenyamaza, na mwanamume amerudi. Nikajiambia hii ni zamu yangu.

Zamu yangu ilikatwa na boti.

Najua mtu akisikia boti Isiolo anafikiri jua limenipiga. Mto wetu wenyewe mbuzi huvuka bila kulowa tumbo. Lakini boti ilikuja, tena si mtumbwi wa kuvulia samaki. Ilikuwa boti ya matanga, nyeupe, ndefu kuliko bodi ya lori, na ndani yake kuna nyumba. Vitanda viwili, jiko dogo la gesi, kabati, tangi la maji, madirisha ya mviringo. Mtu anaweza kuishi humo miezi bila kumhitaji mtu mwingine. Hilo ndilo lililonichoma tangu siku ya kwanza.

Mwenyewe ni mhandisi wa barabara aliyestaafu, mtu wa Nyeri, mke wake alishakufa. Sisi tunamwita injinia tu. Zamani alipokuwa anajenga barabara ya kaskazini alifika Ziwa Turkana, akalipenda kiasi kwamba akachanganyikiwa. Alinunua hiyo boti Naivasha kwa mzungu aliyekuwa anahama, akaifungia trela, na kila mwaka huivuta kupitia Marsabit mpaka ziwani. Huko anasafiri kwa matanga, analala humo humo karibu na ufuo, mpaka ufike msimu wa ule upepo mkali unaovunja milingoti. Hapo huitoa majini na kutafuta pahali pa kuilaza. Nyumbani kwake Nyeri ni mteremko na mvua. Anataka pakavu penye geti.

Mume wangu alikuwa amemsaidia siku moja beringi ya trela ilipoungua kabla ya Archer's Post, na tangu hapo wakawa wanapigiana simu. Basi injinia akauliza kama yadi yetu ina nafasi. Ile yadi ni ya familia tangu babu wa mume wangu, askari aliyeletwa huku na vita vya wazungu, aliponunua lori lake la kwanza. Inatosha malori manne. Mume wangu alikubali kabla chai haijapoa. Mimi sikuulizwa. Nilijua jambo limeamuliwa nilipomwona anabeba cherehani yangu.

Mimi nashona turubai za malori. Banda la mabati lililo mwisho wa yadi ndilo karakana yangu, lina sakafu ya simenti na kivuli siku nzima, na turubai kubwa haishoniki mahali pengine. Niliikuta cherehani yangu nje, chini ya mti wa mwarobaini, imefunikwa gunia.

"Jua la hapa litamla," mume wangu aliniambia.

"Litamla nani?"

"Mgeni wetu."

Hivyo ndivyo alivyoiita, mgeni, na kwetu ukishasema mgeni umemaliza maneno. Mgeni hupewa kivuli, hupewa maji ya kwanza, na mwenye nyumba hunyamaza. Angeiita mzigo ningepigana naye. Nikabeba uzi wangu na mkasi wangu nikaenda chini ya mwarobaini, na kila jani lililoangukia kazi yangu nililihesabia dhambi yake.

Siku injinia alipoileta, nilipeleka chai barazani. Nilisimama mlangoni na birika kwa sababu nilisikia sauti yake imeshuka.

"Mimi peke yangu siwezi tena kuvuta nanga," alikuwa anasema. "Mabega yamekataa. Msimu ukifunguka, kuja twende wote. Ni miezi minne hivi, mitano. Hakuna usiku wa kuendesha, hakuna polisi, hakuna mbuzi. Wewe unashika kamba, mimi nashika usukani."

Nilingoja mume wangu acheke. Hakucheka.

"Tutaona, inshallah," akasema.

Kuna inshallah ya mtu anayemwachia Mungu jambo, na kuna inshallah ya mtu ambaye hataki mke wake asikie jibu. Nimeolewa na dereva, hizo mbili nazijua. Nikaingia na chai, nikatabasamu, nikamwongezea injinia sukari. Lakini tangu jioni hiyo nilikuwa na swali moja tu rohoni, naamka nalo na kulala nalo: huyu mtu atabaki na mimi au ataenda na boti? Sikumuuliza. Miaka yote alipokuwa akiondoka sikuwahi kumwambia baki, nikaona aibu kuanza uzeeni.

Injinia alikaa siku chache kumwonyesha jinsi ya kuilaza. Kazi yenyewe ni nyingi kuliko ya kuuguza mgonjwa. Maji ya lile ziwa yana magadi, na magadi yakikaukia kwenye chuma au kamba yanakula polepole, kwa hivyo kila kitu lazima kioshwe kwa maji matamu. Maji matamu ya Isiolo ni ya nani? Ni yangu. Bomba letu lilikuwa limekauka, nilikuwa nimenunua boza zima la maji, na tangi langu likamiminwa juu ya tumbo la ile boti. Mume wangu alijikunja chini yake na mswaki. Mswaki, jamani, akisugua kila mshono na kila skrubu. Yule mtu ambaye tangu nimjue hajaosha kikombe alichonywea. Nilipita na ndoo yangu mara nyingi kuliko nilivyohitaji, nikaifanya ilie kwenye mawe. Hakugeuka.

Kamba alizilowesha kwenye makarai yangu yote, pamoja na lile nililopewa na mama yangu siku ya arusi. Ile injini ndogo ya nyuma waliitumbukiza kwenye pipa la maji safi, wakaiwasha, wakaiacha ingurume mpaka magadi yote yatoke mishipani mwake. Majirani walikuja kuangalia. Wanaume wa mtaa mzima walisimama mikono nyuma kama wako kwenye mahari, wakatoa maoni. Halafu mlingoti ukashushwa na kutundikwa ukutani, betri zikatolewa, winchi zikafunguliwa na kupakwa grisi mpya. Mwisho mume wangu akaleta jeki yake ya lori, akaiinua boti kidogo kidogo, akapanga magogo na matairi ya zamani chini ili trela isibebe uzito miezi yote hiyo. Hiyo kazi aliijua mwenyewe, injinia alimwacha. Alilala chali kwenye vumbi akaangalia kama imekaa sawa. Kisha akanyoosha mkono, akaupitisha kwenye tumbo lake polepole, kutoka mbele mpaka nyuma, kutafuta ufa. Mimi nilikuwa kwenye mwarobaini na sindano mdomoni. Wallahi nilitamani kuitemea mate ile boti.

Wanawake wa soko la maziwa hawakunisaidia. Mimi huenda asubuhi kuchukua maziwa ya ngamia, na huko habari hufika kabla ya maziwa.

"Mke mwenza ameamkaje?" mmoja akaniuliza, wa kwanza kabisa, hata salamu sijamaliza.

"Ameamka anaoga," nikamjibu.

"Kwa maji ya nani?"

"Yangu."

Wakacheka mpaka wakashika madebe. Mwingine akasema afadhali mimi, mwenzangu hali chakula wala hazai. Nilicheka nao kwa sababu ukionyesha kwamba limekuingia hawaachi. Njiani nilihisi machozi yamenijaa, nikajisemea ni vumbi la malori.

Siku ya matanga ndiyo ilinichanganya. Matanga yalioshwa, yakaanikwa juu ya bodi ya lori la mpwa wetu, na mume wangu akakaa na fimbo kuwafukuza mbuzi. Upepo unaotoka Burat huanza saa nne na huja na mchanga, kwa hivyo ilibidi yakunjwe mapema. Injinia alikuwa ameshaondoka. Mume wangu akaniita.

"Mama watoto, njoo ushike huku."

Nikashika. Tukasimama yadini, yeye upande ule, mimi upande huu, kitambaa cheupe katikati yetu. Tunakunja, tunasogea, mikono yetu inakutana, tunarudi nyuma, tunakunja tena. Kumbe hatujawahi kukunja shuka pamoja maisha yetu yote. Kila tulipokutana niliona mvi za ndevu zake kwa karibu na harufu ya sabuni, na moyo wangu ukaanza kulegea. Nikafikiri nimwambie sasa. Nikafungua mdomo.

"Polepole," akaniambia. "Usimkunje vibaya, atapata mstari."

Nikaufunga mdomo. Tukamaliza, nikaenda zangu kupika.

Basi ikaja ile Alhamisi. Ili mtu aelewe ni lazima nieleze unsi. Unsi ni uvumba tunaoupika wenyewe, ubani na manukato kwenye sukari iliyoyeyushwa, na kila nyumba ina mkono wake. Wangu nilifundishwa na mama mkwe. Ni wa arusi, ni wa nguo za Idi, lakini hasa ni wa mume anayerudi safari. Ukisikia lori lake limepiga honi kwenye kona unatia kaa kwenye dabqad, kile kichomeo chetu cha udongo, unanyunyiza unsi, unafukiza chumba na shuka na nywele zako. Nimemfukizia huyu mtu kila safari aliyorudi. Zipo safari nilifukiza na lori halikuja.

Alhamisi hiyo nilitoka sokoni jioni, nikafika getini, na harufu ikanipokea. Unsi wangu. Nilisimama. Nilijua hakuna mwanamke mwingine nyumbani, kwa hivyo ni yeye aliyewasha, na kwa nini mwanamume awashe unsi nyumbani kwake kama si kwa mke wake? Nilifikiri amenihurumia. Nilifikiri ameona ninavyokaa. Nikatengeneza mtandio, nikapangusa uso kwa upindo, nikaingia ndani na mwendo ambao sikuwa nimeutembea tangu ujana.

Chumba kilikuwa vile nilivyokiacha. Hakikuwa na hata uzi wa moshi.

Moshi ulikuwa unatoka bandani. Ulitoka kwenye kimlango cha boti na kwenye yale madirisha ya mviringo, mzito, mtamu. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa ameketi ndani kwenye kitanda, dabqad yangu katikati ya miguu, mkebe wangu wa unsi uko wazi pembeni, na umebaki nusu. Alikuwa anapeperusha moshi kwa kofia yake uingie kwenye makabati.

"Injinia alisema ndani kusiwe na harufu mbaya wala wadudu," akaniambia, tena kwa furaha. "Nikakumbuka kibuyu cha maziwa. Si mnakifukiza ndipo mnakifunga? Maziwa hayaharibiki."

Nilitafuta tusi nikakosa. Nikasema, "Tangu unioe, mimi hujanifukizia hata siku moja."

Akaniangalia kama nimemuuliza jambo la ajabu. Hakuwa na ubaya. Lau angekuwa na ubaya ningejua pa kumshika.

"Lakini wewe ni mwenyeji," akasema.

Nikaondoka. Jioni hiyo nilimwekea chakula na sikukaa naye kula. Yeye alimaliza kazi yake: alifunga kile kimlango, akafunga kila dirisha na kulikaza, ili moshi usitoke, sawasawa na kibuyu kinavyozibwa. Na mimi siku zilizofuata nikashona funiko la boti, maana injinia aliniagiza kwa simu, "Mama, nifunikie vizuri." Kufunika vizuri ndiko ninakokujua. Nilishona turubai nzito, ile ya kufunikia sukari inayokwenda Moyale, mishono miwili miwili, vitundu vya kamba vimekaribiana. Nilishona kwa hasira, na hasira hushona sawa sana. Tuliivisha boti tukaikaza kwa kamba chini ya tumbo, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, vile mzigo hufungwa safari ndefu. Hata hewa ilikuwa haipati pa kupita. Mume wangu akaligonga lile funiko kwa kiganja, likalia ngoma, akanisifu. Ndiyo sifa pekee niliyopata mwezi huo, na nilipewa kwa ajili ya huyo mgeni.

Mvua zikaja, tena zilikuja za kweli. Barabara ya Garbatulla ikakatika, mto ukashuka na magogo. Ile boti ikakaa mahali pake, imefungwa, haijagusika. Mimi na mume wangu tukakaa ndani tukisikiliza mabati. Hizo zilikuwa siku nzuri kidogo, sitasema uongo. Alinipigia hadithi za barabarani ambazo hakuwahi kupata muda wa kunisimulia, na nikamwona amelala mchana mdomo wazi, mtu wangu, ndani ya nyumba yangu. Nikaanza kudhani lile swali limeisha lenyewe.

Injinia alikuja kuikagua mvua zilipokatika.

"Habari ya hapa, mama? Huyu msichana wangu amelalaje?"

Msichana wake. Nikamwambia amelala sana.

Wakafungua kamba, wakavua turubai, wakafungua kimlango. Injinia aliingiza kichwa, akakitoa, akakohoa, akamwangalia mume wangu, akaniangalia mimi.

"Hapa kulikuwa na arusi?" akauliza.

Unsi ulikuwa bado umo, lakini umeoza. Lile joto na ule unyevu vilikuwa vimefungiwa pamoja gizani bila pa kutokea. Magodoro yalikuwa yamevaa ukungu wa kijani, kuta zinatoa jasho, mbao za kabati zimevimba, na juu ya uozo huo wote kuna harufu ya bibi arusi. Injinia hakugomba. Alieleza taratibu kwamba boti si mzigo, na si kibuyu. Ikiwa nchi kavu lazima ipumue. Unaacha vidirisha wazi kidogo, magodoro unayasimamisha wima, funiko linakaa juu kama paa na upepo unapita chini. Sisi ni watu wa malori. Tunachojua ni kuziba.

Nilifurahi, si mchezo. Nilisimama pale na mikono kiunoni nikawaza: haya, mpelekee tena unsi wangu. Nikawaza pia kwamba injinia hatamtaka tena, ataenda kutafuta mtu mwingine wa kushika kamba, na mimi nitabaki na wangu. Kisha nikamwona mume wangu anatoa godoro moja. Alilibeba kifuani kwa mikono miwili mpaka juani, akalilaza, akapiga magoti akaanza kuupangusa ule ukungu kwa kanzu yake mwenyewe, hata kitambaa hakutafuta. Hakuna aliyemlaumu, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtoto. Nikaenda kuleta siki na brashi. Tukasugua wote mpaka adhuhuri. Baadaye nililikata lile funiko langu zuri pande mbili, nikalishonea midomo ya kupitisha hewa.

Kumbe nilijidanganya. Injinia alipokuwa anaondoka alimshika mume wangu bega. "Makosa ya mwaka wa kwanza," alisema. "Mwezi ujao naja kumchukua. Fikiria yale maneno."

Huo mwezi wote tulikaa na yale maneno kama na mgonjwa. Mume wangu alirudisha betri, akafunga kamba upya, akapaka, akakaza. Akimaliza anakaa kwenye tairi anaangalia. Mimi namwangalia yeye. Ikifika chakula tunazungumza bei ya unga.

Asubuhi ya siku yenyewe injinia alifika mapema, akairudisha boti kwenye trela, akaifunga nyuma ya gari lake. Banda langu likawa wazi, na jua likaingia mpaka katikati ya sakafu. Nilitoa chai na mahamri. Injinia alikunywa akiwa amesimama, akanigeukia mimi, si mume wangu.

"Mama, sasa utaniazima mzee?"

Nikamwangalia mzee mwenyewe. Alikuwa anaangalia tairi la trela, tairi zima kabisa lisilokuwa na tatizo lolote. Nilingoja. Ningeweza kusema hapana. Angebaki, namjua, asingelalamika hata siku moja, angekaa kwenye yadi tupu mpaka azeeke akiangalia geti. Na mimi ningekuwa naye kila siku na nisingekuwa naye.

"Mimi si kamba," nikasema. "Sijamfunga."

Nikageuka nikaingia ndani kabla uso haujaniponza. Nilidhani atanifuata, aniulize kama nimesema kweli, ajikune kichwa, aseme miguu inamuuma, aseme ni mbali. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu. Alinifuata kweli. Aliinama, akapitisha mkono nyuma ya kabati, akavuta mfuko wake wa safari. Ulikuwa umejaa na zipu imefungwa.

Maisha yetu yote mfuko wake nimepakia mimi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndilo lililokuwa neno langu la mwisho kila alipoondoka, na alikuwa akifika Marsabit ananipigia simu kuuliza wembe nimeuweka wapi. Nikamnyang'anya mfuko, nikaumwaga kitandani.

Kila kitu kilikuwamo. Kikoi na fulana zimekunjwa kwa mikunjo mipana, sawa, kama vile tulivyokunja tanga. Dawa za presha, miwani, sabuni kwenye kasha lake, msala, wembe, uzi na sindano, hata chaja ya simu imefungwa kwa kamba ndogo. Nilitafuta alichosahau. Niligeuza kila nguo, nikakung'uta mfuko wenyewe, nikaingiza mkono kwenye mifuko ya pembeni. Hakusahau kitu.

Nje injinia akapiga honi mara moja, kwa adabu.

"Asubiri," nikasema.

Nikapakia upya. Nilifungua kila kunjo lake nikakunja vile ninavyokunja mimi, nikaweka dawa juu, nikatia mkebe wa nyirinyiri, zile nyama kavu za safari, nilizokaanga wiki hiyo nikijiambia ni za wageni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananiacha nifanye. Alipogeuka kumjibu injinia, nilichukua sweta yake, ile ya kijivu aliyokuwa akivaa usiku barabarani, nikaisukuma chini ya mto. Kisha nikafunga zipu nikampa mfuko.

Siku ya tatu baada ya kufika alinipigia, swala ya magharibi imetoka tu. Upepo ulikuwa unakula maneno yake nusu. Alisema samaki ni wakubwa, alisema injinia anakoroma, alisema maji yanarusha mpaka ndani na jioni kuna baridi ambayo hakuitegemea.

"Mama watoto, sweta yangu umeiona? Nimegeuza mfuko wote."

"Sijaiona," nikamwambia. Nilikuwa nimeivaa, katika joto lote la Isiolo, nimeifunga vifungo mpaka shingoni.